Mpira Ukiingia Kwenye Chai

Swali lililoninyima usingizi karibu muda wote wa kazi yangu lilikuwa hili: mtu ambaye hajawahi kufundisha timu hata moja atawafundishaje wanaofundisha timu? Nililigeuza kama chapati, upande huu na upande ule, mpaka likaungua kotekote. Mara nilijijibu kwamba daktari wa meno hahitaji kuumwa jino ili aling'oe la mwenzake. Kisha nikajiuliza kama ningemwamini daktari wa meno asiye na meno, nikarudi nilikoanzia.

Sasa nimestaafu. Mnacheka, najua, kwa sababu nina miaka ishirini na tisa. Lakini ofisini hatuna sherehe ya mtu anayeacha kazi akiwa na nywele zake zote, kwa hiyo walinifanyia ile ya wazee: keki, maombi marefu, blanketi, chupa ya chai na saa ya ukutani. Baba yangu, aliyestaafu kweli kutoka kiwanda cha chai, alikuja na suti yake ya mazishi. Aliitazama ile saa kwa muda.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "mimi nilikaa kiwandani mpaka nywele zikahama. Nikapewa saa ndogo kuliko hii."

Kwa mamlaka ya saa hiyo, basi, nawaandikia Chelangat na Omondi, mtakaochukua njia yangu ya Kericho na Bomet. Mishahara sitaizungumzia, na vyeo sikuvipata. Nitawaambia nilivyoanza, makocha walionitesa, vifaa vilivyosaidia, na ule uwanja wa chai ambao bado nauota nikiwa nimelowa magoti.

Kwanza, jiandaeni kueleza kazi yenu. Mimi nilimwambia mama kwamba nawasaidia makocha waelewe jinsi watu wanavyojifunza ustadi wa michezo, ili mazoezi yao yafundishe kitu. Mama akawaambia majirani kwamba nafundisha mpira. Majirani wakawaambia watu wa kanisani kwamba nacheza mpira. Haikupita muda nikapewa jezi namba tisa kwenye mechi ya kufungua kanisa jipya. Nilitolewa kabla ya mapumziko, na aliyeingia badala yangu alikuwa mchungaji mwenyewe. Alicheza vizuri.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kapsoit, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja makocha wa kila aina: wa mpira wa miguu, wa voliboli, wa mpira wa kikapu, na mmoja wa mbio aliyesema amekuja kwa sababu ya chakula. Nilikuwa nimebeba projekta, na umeme ukapotea kabla sijaichomeka. Nikaamua kueleza kwa mdomo. Baada ya chakula cha mchana mvua ikaja, ile yetu ya kila siku, ikapiga mabati mpaka sikujisikia mwenyewe. Niliendelea. Niliona vichwa vinaitikia, nikafurahi. Baadaye nilielewa kwamba mtu anayesinzia kwa heshima huitikia hivyohivyo.

Bosi wangu alikuwa Mwalimu Jerotich, mama aliyefundisha netiboli katika shule za wasichana mpaka sauti yake ikabaki nusu. Alikuwa amekaa nyuma siku nzima. Watu walipotoka akanisogelea.

"Umewafundisha nini leo?"

"Kwamba kocha asiongee sana," nikasema. "Wachezaji hujifunza kwa kujaribu na kuamua wenyewe. Maneno mengi yanawafanya wasubiri kuambiwa."

"Umewaambia hayo kwa muda gani?"

"Kutoka asubuhi mpaka sasa."

Hakucheka. Alifungua mkoba wake, akatoa peremende, moja ya zile ngumu za rangi ya kahawa, akaniwekea mkononi. "Weka mdomoni. Mpaka iishe yenyewe, husemi kitu."

Hicho ndicho kifaa changu cha kwanza, na naomba msikidharau. Koni huibwa, filimbi hupotea, lakini peremende ziko kila duka. Mkienda uwanjani, mpeni kocha moja kabla mazoezi hayajaanza. Mwambieni apange mchezo, aseme kanuni zake, kisha aiweke mdomoni na atazame. Ikiisha, anaweza kusema neno moja. Kocha wa kikapu wa pale Kapsoit aliitafuna mara moja, nikampa nyingine, akaitafuna nayo. Wako watu wa kutafuna na wako watu wa kumung'unya. Wa kutafuna huchukua muda mrefu zaidi, lakini wakishaamua wameamua. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Huyo kocha alikuwa na msichana mmoja mrefu ambaye kila akitaka kurusha mpira aliimbiwa: inua kiwiko, kunja goti, legeza mkono, usisahau bega. Msichana alikuwa anarusha kama mtu anayeunganisha kitanda. Peremende ya nne ndiyo iliyokaa. Katika kimya hicho msichana akarusha, akakosa, akarusha tena. Mimi nikamwambia jambo moja tu, asifikirie mkono wake, afikirie anaweka kikombe juu ya kabati asilolifikia vizuri. Mpira ukaanza kuingia. Kocha akanivuta kando.

"Madam, leo hawakunihitaji."

"Umejisikiaje?"

"Vibaya sana."

"Hapo ndipo tunapoanzia," nikamwambia. Nilijivunia jibu hilo kwa siku mbili, kisha nikaanza kuhofia kwamba nimemvunja moyo, nikampigia simu kuomba radhi. Hakukumbuka mazungumzo yenyewe.

Kutoka hapo tulishuka Chepalungu. Chebunyo kulikuwa na timu ya voliboli ya wasichana ambayo kwenye mazoezi ilianzisha mpira vizuri kuliko timu zote nilizowahi kuona, na kwenye mechi kila mpira uligonga neti. Nilikwenda kutazama. Walikuwa wamepanga mstari, wanapiga mmoja mmoja, mpira unaruka uwanja mzima, kocha anapiga makofi. Nikatazama tena. Hakukuwa na neti.

"Neti iko wapi, Kocha?"

"Iko kazini," akasema. "Inazuia ndama wasiingie kwenye mahindi. Siku ya mechi tunaitoa."

Hawakuwa na tatizo la mkono wale wasichana. Walikuwa wamejifunza kikamilifu mchezo usio na neti. Tukafunga kamba ya katani kutoka mti hadi mti, tukaning'iniza leso. Siku ya kwanza mambo yaliharibika kabisa, mipira ikanaswa kwenye leso kama nguo zilizoanikwa, na kocha akaniangalia kama mtu aliyemletea ugonjwa. Nilimwomba avumilie. Mazoezi yanayoonekana mabaya mara nyingi ndiyo yanayofundisha; mazoezi mazuri yanaweza kuwa maonyesho tu. Nilisema hayo kwa ujasiri mkubwa na sikuwa na hakika hata kidogo. Baada ya majuma machache mipira ikaanza kupita. Wale ndama, nasikia, hawakurudishiwa neti.

Sasa nije kwenye Majani Mawili.

Majani Mawili ilikuwa timu ya wanaume ya kituo kimoja cha kununulia chai, huko juu kwenye miteremko ambako jina la kilima nitaliacha. Kocha wao alikuwa Mzee Rono. Maisha yake ya kazi alikuwa nyapara wa wachumaji, na alifundisha mpira jinsi alivyosimamia chai: watu kwenye mistari, macho mbele, hakuna kuruka safu. Alivaa koti refu la mvua hata jua likiwaka. Timu ilimwogopa na kumpenda kwa kiasi kinacholingana.

Timu hiyo haikuwa imefunga bao msimu mzima.

Msidhani ilikuwa timu mbovu. Pasi zao zilipendeza kiasi kwamba mashabiki wa wageni walipiga makofi. Mpira ulitoka kwa golikipa, ukapita kwa huyu, ukapita kwa yule, bila kuguswa na adui, mpaka mbele ya goli. Wakifika hapo wakawa kama watu wenye adabu waliokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake, tangulia wewe. Pasi, pasi, pasi, mpaka mtu wa timu nyingine akaona aibu akauchukua.

Ilikuwa imekuwa kicheko cha kilima kizima. Kanisani, katekista alipotaja wa kuombewa, alisema wagonjwa, wajane, na timu ya Majani Mawili. Kamati ya timu ikamwambia Mzee Rono kwamba msimu ukiisha bila bao, watamleta kocha mwingine kutoka mjini. Zilikuwa zimebaki mechi chache. Yeye aliniambia haya tukiwa tumekaa kwenye ngazi za banda la chai, anatazama mbele.

"Madam, mimi najua nimezeeka. Siku moja nitaacha. Lakini nataka kutoka kwa mlango. Hawa wanataka kunirusha kwa dirisha."

Kiplangat, mshambuliaji wao, alikuwa na mguu wa ajabu. Mzee Rono alikuwa amechora goli kwa chaki kwenye ukuta wa lile banda, na kila jioni aliwapanga mstari wapige shuti ukutani. Kiplangat akipiga, mabati ya banda yanalia na karani wa mizani anatoka kuangalia kama ni ajali. Mtu huyohuyo, siku ya mechi, akiwa hatua chache kutoka goli lililo wazi, alitoa pasi nyuma.

Mimi nikafikiri. Kufikiri ndiko ninakokujua. Nilidhani ni macho, kwamba hawaoni goli wakiwa wamezungukwa. Nilidhani ni hofu ya kulaumiwa. Kuna wiki nzima niliyoamini kwamba ni malezi, kwa sababu vijana wa hapa hufundishwa wasichukue nyama kubwa kabla ya wageni, na goli kwa kweli ndiyo nyama kubwa. Niliweka magoli madogo ya matairi. Niliwapunguza wakawa watatu kwa watatu. Nikatunga kanuni kwamba pasi zisizidi tano. Walipiga pasi tano, wakahesabu kwa sauti, kisha aliyekuwa na mpira akasimama nao, akaniangalia, akisubiri niseme kinachofuata.

Nikampigia Mwalimu Jerotich. "Nimejaribu kila kitu."

"Umejaribu kucheza?"

"Mimi?"

"Kuna mwingine kwenye simu?"

Siku chache baadaye mtu mmoja wao alikwenda kukamua ng'ombe katikati ya mazoezi, timu ikapungua, na Kiplangat akasema, "Madam, si uingie tu. Simama mbele, usiumie." Nikakunja suruali, nikaingia.

Hapa lazima nieleze uwanja wenyewe. Ulikuwa umechongwa kwenye mteremko kama sinia. Upande mmoja kulikuwa na banda. Pande tatu zilizobaki, pamoja na nyuma ya magoli yote mawili, zilikuwa chai, na chai hiyo ilianza pale majani ya uwanja yalipoishia, hakuna ua wala njia. Mimi nilikuwa nimeitazama chai hiyo kwa majuma kadhaa kama mtu anavyotazama rangi ya ukuta.

Mpira ukanijia mbele ya goli. Nikapiga. Ulipita juu ya mwamba, ukapita juu ya safu kadhaa za chai, ukatua huko chini bila sauti.

Uwanja mzima ukasimama. Vijana wakakunja mikono. Mmoja akakaa chini.

"Mpira umeingia chai," nikasema.

"Tumeuona, Madam," akasema Kiplangat.

"Nani anauleta?"

"Aliyepiga ndiye anayeufuata. Ndiyo sheria."

Sheria hiyo mnaijua, iko kwenye kila uwanja wa nchi hii. Kwingine inakugharimu kukimbia kidogo. Nikaingia kwenye chai. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na chai iliyonyeshewa hufunga juu kama meza na huweka maji yote chini kwa ajili ya mgeni. Safu ya kwanza ilinilowesha magoti. Safu ya pili ilinilowesha mahali ambapo sitapataja. Vijiti vikanichana soksi. Nyuma yangu nilisikia ushauri.

"Kushoto, Madam. Hapana, ile kushoto nyingine."

"Madam, ukiona mto umepita."

"Si angepiga pasi tu."

Nilikuwa nimeinama natafuta nilipoona gambuti mbili mbele yangu. Nikainua macho. Alikuwa mama mmoja mwenye kikapu mgongoni na aproni ya plastiki.

"Chamgei," nikamwamkia.

"Chamgei mising. Kuamkia unajua. Kutembea kwenye chai hujui."

"Samahani, Mama. Natafuta mpira."

"Unavunja machipukizi. Hapa ni pa kuchuma kesho." Akauonyesha mpira kwa kidole, ulikuwa umelala kwenye mfereji. "Nimewaambia hawa watoto miaka yote, atakayekanyaga chai yangu nitampeleka kwa mama yake. Wewe mama yako ni nani?"

Nikamtajia. Akasema anamjua, yuko naye kwenye kikundi cha kina mama, na kwamba hakutarajia. Kisha akasema, "Mwambie Rono chakula kiko tayari. Lakini chai ikivunjika tena, ale hukohuko kwa uwanja."

Ndipo nilipojua kwamba chai ile ilikuwa ya Mama Cheptoo, na Mama Cheptoo alikuwa mke wa kocha.

Nilirudi uwanjani nikiwa nimelowa na nimesutwa. Mchezo ukaendelea. Baada ya muda mpira ukanijia tena, mahali palepale, goli liko wazi, golikipa amelala chini. Na mimi, mwenye shahada, ambaye kwa majuma nilikuwa nawaambia pigeni, nikampa Kiplangat pasi ya pembeni, safi kabisa. Kiplangat akampa mwenzake. Mwenzake akanirudishia.

Nikaukanyaga mpira, nikasimama. Ulikuwa umetosha mpira mmoja. Uwanja ule ulinifundisha kwa shuti moja kile ambacho mimi ningehitaji semina nzima kufundisha, na ulikuwa umewafundisha wale vijana tangu walipokuwa na vimo vya machipukizi. Goli la chaki halikuwa na chai nyuma yake. Mpira ulirudi wenyewe. Goli la kweli lilikuwa na chai, maji, kicheko na Mama Cheptoo. Hata walipokwenda kucheza ugenini kwenye viwanja vikavu, miguu yao iliibeba ile chai.

Nikamwendea Mzee Rono, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza mara tatu.

"Kocha, timu yako inafundishwa na makocha wawili. Wewe unasema piga. Chai inasema usipige. Na chai ina sauti kubwa kuliko yako."

Akatazama safu zile. "Na ni chai ya nani?"

"Ya mke wako."

Akawatazama vijana waliokuwa wanatusikiliza. "Hilo," akasema, "ungeniambia tukiwa wawili."

Sheria ilibidi ibadilike: mpira ukipigwa kuelekea goli, aliyepiga asiufuate. Tatizo lilikuwa nani aufuate, kwa sababu walikuwa na mpira mmoja tu wa maana. Nilimwambia Mzee Rono kwamba anayefaa ni yeye.

"Madam, mimi nimesimama kando ya chai maisha yangu yote nikiwaambia watu waingie. Nikiingia mimi, nani atabaki kando?"

"Mimi nitabaki."

"Na Mama Cheptoo?"

Tukaenda kumwuliza. Alikuwa jikoni, anatuangalia, mwiko mkononi. Nilieleza kanuni zote za kujifunza ustadi nilizozijua, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe kana kwamba sikuwepo.

"Wewe unajua pa kukanyaga. Ingia. Na ni vizuri uone safu za chini, huko hujafika tangu Cheptoo abatizwe." Akafikiri tena. "Lakini usitoke mikono mitupu."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyofuata Mzee Rono alitangaza sheria mpya kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Vijana hawakuamini. Kiplangat akajaribu kwa uangalifu, shuti dogo, mpira ukavuka goli ukadondoka safu ya kwanza. Wote wakamwangalia kocha. Mzee Rono akafunga vifungo vya koti, akavaa ile aproni ya plastiki juu yake, akaingia.

Sijawahi kuona watu wakipata hamu ya kupiga shuti kama jioni ile. Walipiga kwa kulia, kwa kushoto, kwa goti, golikipa akaacha goli lake akaja naye kupiga. Hawakuwa wanataka bao hata kidogo, walitaka kuona kofia ya Mzee Rono ikielea juu ya chai. Kila aliporudi alikuwa na mpira kwapani na ngumi iliyojaa majani, mawili na chipukizi, kama alivyoagizwa. Mimi nilihangaika: je, tumeondoa hofu na kuleta mzaha? Je, wanajifunza kulenga goli au kulenga chai? Nilikuwa tayari kusimamisha zoezi. Nikaweka peremende mdomoni.

Ilipoisha nikaona jambo ambalo sikulipanga. Kocha akiwa ndani ya chai hakuweza kupiga filimbi wala kumwambia mtu asimame wapi. Vijana wakaanza kuzungumza wenyewe. "Wewe vuta beki, mimi nipite." "Usiniletee juu, nitamtuma tena mzee, leta chini." Na baada ya siku kadhaa, kicheko kilipochoka, mashuti yalibaki, na yakaanza kushuka, na kuelekea pale kamba za goli zilipo. Chai ilikuwa imegeuka peremende kubwa ya kijani.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya timu kutoka Sigowet. Kamati ilikaa kwenye benchi la banda, mwenyekiti katikati na mwavuli wake. Mama Cheptoo alisimama kwenye safu zake, kikapu mgongoni, nadhani kulinda mali. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili.

Kipindi cha pili wakaanza kupiga. La kwanza likaenda chai. Mzee Rono akafunga koti, akaingia. Alipotoka, la pili likaenda chai, akaingia tena. Wageni, walipoona mpira wetu una mambo mengi, wakampa mwamuzi mpira wao ili mchezo usisimame.

"Kocha wenu ameenda wapi?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ameingia chai."

"Katikati ya mechi?"

"Ndiyo kazi yake, Mwenyekiti."

Wakati huo pasi zilikuwa zimeanza upande wa pili, zile nzuri zao, huyu kwa yule, mpaka mbele ya goli, na mimi nikafumba macho kwa sababu niliijua sehemu inayofuata. Nikasikia sauti niliyoizoea kutoka ukuta wa banda, ila safari hii hakuna bati lililolia. Nilipofumbua macho Kiplangat alikuwa chini ya watu wote, na katekista alikuwa uwanjani amevua kiatu kimoja, sijui kwa nini.

Mzee Rono akatokeza kwenye safu za chini, mpira kwapani, majani mkononi, amelowa mpaka kifuani.

"Nani analia?"

"Tumefunga, Kocha."

"Nani amefunga?"

"Kiplangat."

Akatazama mteremko, akatazama goli. "Mpira uko wapi?"

"Ndani ya goli."

Akalifikiria hilo. "Kwa hiyo huo sio wangu," akasema, akaenda kumkabidhi mkewe majani.

Tulishindwa mawili kwa moja, na watu waliimba mpaka sokoni. Kamati ilikutana palepale. Mwenyekiti alisema mtu anayeingia chai yenye maji kufuata mpira hawezi kufukuzwa na watu waliokuwa wamekaa chini ya mwavuli. Mzee Rono akabaki.

Alibaki msimu mmoja zaidi. Walifunga mabao kadhaa, na kadhaa alikuwa kwenye chai asiyaone. Mwisho wa msimu akaniita kwenye zile ngazi za banda.

"Sasa mlango umefunguka," akasema. "Natoka mwenyewe. Magoti yamekataa safu za chini. Nimewaambia kamati wakuchukue wewe."

"Mimi sijawahi kufundisha timu, Kocha."

"Najua. Ndiyo maana unajua mengi."

Nilimwomba muda. Mnafahamu nilivyoutumia. Nilijiuliza kama nikishindwa, makocha wote niliowafundisha watajua kwamba nilikuwa nadanganya. Nikajiuliza kama nikifaulu itakuwa ni bahati. Nikamwuliza baba, akasema kazi yenye ofisi haiachwi kwa kazi yenye matope. Nikamwuliza mama, akasema alidhani ndiyo kazi yangu tangu mwanzo. Nikaenda kwa Mwalimu Jerotich, nikamweleza pande zote, nikarudia, nikataka kurudia tena. Akafungua mkoba wake. Peremende ya kahawa, ngumu.

"Weka mdomoni. Ikiisha yenyewe, nipe jibu."

Niliiweka. Nikakaa. Dirishani mvua ilikuwa inaanza. Nilihisi lile swali langu la siku zote likijipanga upya ili ligeuzwe tena, upande huu na upande ule.

Nikaitafuna.

Mwalimu Jerotich alisikia mlio, akatabasamu, akavuta karatasi akaanza kupanga nani ataagiza keki.

Jumatatu nilikuwa uwanjani bila projekta na bila koni. Kina Kiplangat walikuwa wananisubiri, wamejipanga mstari kwa mazoea. Nikawavunja mstari, nikagawa timu mbili, nikasema kanuni moja, nikanyamaza. Haukupita muda mrefu. Mtu alipiga shuti, kali, la uaminifu, likapita pembeni ya mlingoti na kuzama kwenye chai.

Uwanja mzima ukasimama, ukaniangalia.

Nikavaa aproni, nikaingia safu ya kwanza, na kabla maji hayajafika magotini nikasikia gambuti zinakuja kutoka chini.

"Ni wewe tena?" akasema Mama Cheptoo. Kisha akanishika mkono, akauelekeza kwenye chipukizi. "Ukirudi, usirudi mikono mitupu."